UZI: Noti ya yen 1000 ya Mwanamfalme Shotoku, na mtu aliyeifukuza sokoni bila kujulikana mpaka leo

Bwana Chenji

Wakuu, habari za jioni.

Mezani hapa nina noti ya Japani ya zamani, yen 1000, niliyoletewa na binamu yangu aliyekuwa masomoni kule. Nimeiweka chini ya taa naikagua kama trafiki anavyokagua leseni. Ina urefu wa milimita 164 kwa upana wa milimita 76, na nikiitia kwenye pochi inachungulia nje. Kuna picha ya mtu amevaa kofia nyeusi ya kizamani, mkononi kashika kijibao chembamba kama rula, uso umetulia kabisa. Sharubu anazo, lakini ni za kuhesabu, utadhani kijana wa kidato cha nne. Nyuma kuna jengo la pembe nane.

Huyo bwana ni Shotoku Taishi, mwanamfalme aliyezaliwa mwaka 574 na kufariki mwaka 622. Noti yenyewe ilianza kutoka tarehe 7 Januari 1950, na Benki Kuu yao ikaacha kuitoa tarehe 4 Januari 1965. Miaka 15 tu. Haikuchakaa, na wala mfumuko wa bei haukuimeza. Imeondolewa na mtu mmoja, au kikundi, ambacho polisi wa Japani wameshindwa kukikamata mpaka muda wa kushtaki ukapita.

Nashusha kwa vipande, simu yangu chaji imebaki kidogo.

Kiroboto wa Tandale

Nimeweka kigoda. Tiririka mkuu.

Mama Bite

Usije ukatuacha njiani kama ule uzi wa meli ya Wajerumani. Mpaka leo tunasubiri.

Bwana Chenji

Mama Bite nisamehe, ule nitaumalizia.

Tuanze na kwa nini sura hii. Japani ilishindwa vita Agosti 1945, Wamarekani wakaingia na kukaa mpaka 1952. Wakubwa wale wapya walipiga jicho kwenye kila kitu, noti zikiwemo. Sura zenye harufu ya vita au ya kuabudu dola hazikutakiwa. Sasa Shotoku alikuwa kwenye noti tangu 1930, kwenye yen 100 ya wakati huo, kwa hiyo na yeye akaingia kwenye orodha ya watuhumiwa. Inasimuliwa kwamba gavana wa Benki Kuu, Ichimada Hisato, ndiye aliyemtetea: huyu si mtu wa vita jamani, huyu ndiye anayehesabiwa kuandika Katiba ya Vifungu 17 ya mwaka 604, na kifungu cha kwanza kinasema maelewano yathaminiwe. Wamarekani wakaelewa. Mzee akabaki.

Akabaki na kuzidi. 1950 akawekwa kwenye yen 1000, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa noti kubwa kuliko zote. Dola moja ilikuwa yen 360, kwa hiyo noti hii haikufika hata dola tatu. Oktoba 1957 ikaja yen 5000, sura yake. Desemba 1958 ikaja yen 10000, sura yake tena. Yaani ukifungua pochi ya Mjapani mwenye nazo mwaka 1960, noti tatu kubwa zote zinakutazama kwa jicho la mtu mmoja. Ikafika mahali watu wakisema "Shotoku Taishi" wanamaanisha pesa. Kwa jumla ametokea kwenye noti saba tofauti, na hakuna aliyemfikia.

Lile jengo la nyuma ni Yumedono, Ukumbi wa Ndoto, liko kwenye hekalu la Horyuji huko Nara.

Sheikh Mafumbo

Ahsante sana bwana. Na mimi niliwahi kusoma kwamba huyu mwanamfalme alikuwa anasikiliza watu kumi wakizungumza kwa mpigo na anamjibu kila mmoja. Sijui kama ni kweli.

Bwana Chenji

Sheikh, hiyo ni hadithi yao ya siku nyingi. Hata ile picha yenyewe ina maneno. Imetolewa kwenye mchoro wa kale unaomwonyesha kasimama na vijana wawili pembeni, na wanahistoria wengine wanauliza kama kweli ni yeye. Hoja mojawapo ni kile kijibao mkononi: wanasema desturi ya kushika kijibao kile iliingia Japani baada ya yeye kufa. Siku hizi hata baadhi ya vitabu vya shule vinamwandika kwa jina lake la Umayado, hilo la Shotoku linafuata nyuma. Kwa hiyo inawezekana Wajapani walitumia miaka zaidi ya hamsini pesa yenye sura ya mtu mwingine kabisa. Tuliache hilo, uzi utahama njia.

Sasa tuingie kwenye kesi.

Tarehe 7 Desemba 1961, tawi la Benki Kuu mji wa Akita, kaskazini. Kule theluji inashuka mpaka inaziba milango. Wafanyakazi wanachambua noti chakavu, zile za kwenda kuteketezwa. Kati yake wakanasa moja ya yen 1000 ambayo haikukaa sawa. Feki.

Fikirieni kidogo ilipokutwa. Haikukamatwa dukani wala kwa konda. Ilikuwa tayari imezunguka, imekunjwa, imelowa majasho ya watu, imerudi benki kama mzee mstaafu anayefuata kiinua mgongo. Wote walioishika kabla ya hapo waliiamini. Dakika chache zaidi ingeingia kwenye moto na hakuna ambaye angejua.

Polisi wakafungua jalada, wakaliita Chi-37. "Chi" ni alama yao ya yen elfu moja, na 37 maana yake ni kesi ya 37 ya kughushi noti hiyo. Zile 36 za mwanzo nyingi hakuna anayezikumbuka.

Kiroboto wa Tandale

Aisee. Ndiyo maana mama yangu pale gengeni hapokei noti mpaka aifikiche masikioni.

Fundi Rangi

Mkuu swali la kitaalamu, mimi ni mtu wa uchapaji. Noti za enzi hizo zilikuwa zinachapwaje? Maana mwaka 1961 hakuna skana wala kompyuta ya mezani. Huyo jamaa alitumia nini?

Bwana Chenji

Fundi, hapo umegusa panapouma. Noti halali ile sura ilichongwa kwa mkono kwenye bamba la chuma, mistari na vidoti. Wino unakaa ndani ya mifereji ya bamba, karatasi inakandamizwa mpaka inaunyonya, na wino ukikauka unabaki umeinuka. Nikipitisha ukucha shavuni kwa mwanamfalme hapa nasikia kukwaruza kidogo, na hii noti ina miaka zaidi ya sitini. Karatasi yao nayo si mchezo. Wanatumia gome la kichaka kinaitwa mitsumata pamoja na nyuzi za abaka, mmea wa ukoo mmoja na mgomba wetu. Ndiyo maana noti ya Japani ukiikunja inalia tofauti.

Sasa mtu wa kuiga kitu hicho mwaka 1961 alihitaji kamera nzuri ya kupigia picha bamba, mtambo wa kuchapa, wino wa kuchanganya mwenyewe, na macho. Hii si kazi ya kibaka. Polisi waliwapitia watu wa viwanda vya uchapaji, mafundi wa picha, wauza karatasi. Hola.

Fundi Rangi

Kwa hiyo ni mwenzetu. Naona aibu na fahari kwa wakati mmoja 😂

Bwana Chenji

Sasa sikieni kilichowaumbua polisi, na hapa ndipo mimi binafsi nawalaumu wao na magazeti.

Baada ya Akita zikaanza kuonekana kwingine, mkoa huu na ule. Polisi wakawa na nia njema, wakasema wananchi waelezwe feki inavyojulikana. Wakataja kasoro, magazeti yakachapa: angalieni namba za noti, zimekaa hivi, mpangilio wake umekosea hapa. Nchi nzima ikasoma. Na yule jamaa akasoma pia, chai yake pembeni. Feki zilizofuata, ile kasoro haipo. Amerekebisha! Wakatangaza nyingine, naye karekebisha. Kila tangazo lilikuwa kama mwalimu anamsahihishia daftari bure.

Ingekuwa mimi, ningewaambia watu wa benki kimya kimya, nikawaacha watu wa magazeti na habari za sumo.

Wakaja na mbinu ya pesa. Atakayepeleka noti feki polisi anapewa yen 3000 kwa kila moja, na mwenye habari za maana za kumkamata mhusika anapewa kuanzia yen 10000 mpaka milioni moja.

Mtoto wa Kariakoo

Subiri kwanza. Ukipeleka feki ya 1000 unapewa halali za 3000?? Mimi ningekuwa na mtambo ningefanya biashara na polisi wenyewe. Sokoni nisingekanyaga.

Mama Bite

😂😂😂 Kariakoo mnawaza pesa tu.

Bwana Chenji

Mtoto wa Kariakoo akili yako iogopwe. Ila sheria yao ya jinai, kifungu cha 148, kughushi pesa na kuitumia ni kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitatu. Kuna kifungu kingine kinachomgusa mwananchi wa kawaida: umepewa feki bila kujua, ukagundua baadaye, halafu ukajifanya hujaona ukamsukumia muuza samaki, unatozwa faini mpaka mara tatu ya thamani iliyoandikwa. Nadhani wengi wetu hapa tungekuwa tunadaiwa.

Kiroboto wa Tandale

Mimi nimekaa kimya.

Wanjiku wa Githurai

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu 2019 serikali ilitangaza siku ya Madaraka kwamba noti za zamani za elfu moja mwisho wake Septemba 30, na ikiwa hujabadilisha, hiyo ni karatasi ya kufungia njugu. Shosho wangu alipata zingine ndani ya mkoba wake mwezi wa Oktoba. Alilia sana. Hao Wajapani walipewa muda gani kubadilisha hii ya Shotoku?

Bwana Chenji

Dada Wanjiku pole kwa shosho. Na sisi Tanzania tumetoka kwenye zoezi kama hilo, noti za 1985 mpaka 2003, dirisha lilifunguliwa Januari 6 likafungwa Aprili 5, 2025.

Jibu la swali lako: hawakupewa muda, kwa sababu haikufutwa. Benki iliacha kuitoa tu. Noti zilizorudi hazikutoka tena, zilizobaki mikononi mwa watu zikabaki kuwa pesa. Hii niliyonayo mezani, nikipanda ndege leo nikaenda nayo Tokyo, kisheria ni yen 1000.

Sheikh Mafumbo

Lakini bwana, wakati wa vita si walifuta?

Bwana Chenji

Sheikh hukosei. Ni baada ya vita. Februari 1946 bei zilikuwa zinapaa, serikali ikatangaza ghafla kwamba noti za zamani zinakufa mwanzoni mwa Machi. Pelekeni benki. Na zikishaingia benki akaunti zimefungwa, baba mwenye nyumba anaruhusiwa kutoa yen 300 kwa mwezi, na yen 100 kwa kila mtu mwingine nyumbani. Kibaya zaidi noti mpya hazikutosha, basi wakachapa vistempu vidogo vya kubandika kwenye zile za zamani ili zipumue kidogo. Kistempu kikibanduka, umekwisha. Kizazi kilichopita hapo hakikusahau, na nadhani ndiyo sababu baada ya hapo hawajarudia kuwafutia watu noti kubwa ghafla namna ile.

Dada wa Nagoya

Habarini wote. Mimi niko huku mwaka wa tisa, nimeolewa huku. Aliyosema mleta uzi ni kweli, ila kisheria na dukani ni vitu viwili. Baba wa mama mkwe alipofariki tulifungua kabati la nguo, ndani ya kitambaa cha kimono tukakuta bahasha. Huku wana jina kabisa la pesa za namna hiyo, tansu yokin, akiba ya kabatini. Noti zilikuwa za Shotoku, za 10000 na chache za 1000. Mume wangu akachukua moja ya 1000 kwenda nayo dukani kununua mkate, kwa utani tu. Binti wa kaunta hata miaka ishirini hajafika, akaishika kwa ncha za vidole, akainama, akaomba radhi, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa naye akainama. Wakainamiana wote watatu mpaka mume wangu akaona aibu akalipa kwa simu. Mashine za kuuzia vinywaji ndiyo kabisa, inaitema kama dawa chungu. Tulizipeleka benki wakazipokea bila neno. Mama mkwe alibakiza mbili, moja kaiweka kwenye madhabahu ya nyumbani karibu na picha ya baba yake.

Mama Bite

Hiyo ya kuinamiana nimeiona kwa macho kabisa.

Bwana Chenji

Dada wa Nagoya ahsante, hiyo ndiyo habari ambayo vitabu havina.

Namalizia kesi. Serikali iliona mbio hizi haiziwezi, ikaamua kubadilisha noti yenyewe. Tarehe 1 Novemba 1963 ikatoka yen 1000 mpya, rangi nyingi zaidi, alama ya maji mpya, sura mpya: Ito Hirobumi, waziri mkuu wa kwanza wa Japani. Kwenye noti za 5000 na 10000 Shotoku akabaki, aliondoka pale tu palipokuwa na mwizi.

Kwa nini Ito? Aliyefika naye mwisho wa mchujo ni Shibusawa Eiichi, mtu wa mabenki na makampuni, mwanzilishi wa benki ya kwanza ya kisasa nchini humo. Kinachosimuliwa sana ni kwamba Shibusawa aliangushwa na kidevu. Hakuwa na ndevu. Ito alikuwa nazo msitu, na ndevu za kuchonga unywele kwa unywele zinamtesa anayeghushi. Ukikumbuka sharubu za kuhesabu za mwanamfalme wetu, unaona walijifunza.

Sasa tarehe. Noti mpya imetoka Novemba 1. Feki ya mwisho iliyohesabiwa kwenye Chi-37 ni ya Novemba 4. Siku tatu. Jamaa akafunga duka. Jumla zilipatikana noti 343 katika mikoa 22.

Kiroboto wa Tandale

343 tu?? Mkuu umesahau sifuri.

Bwana Chenji

Sijasahau. 343 mara 1000 ni yen 343,000. Gawanya kwa 360, haifiki hata dola elfu moja. Labda kuna nyingine zilichomwa na zile chakavu bila kugunduliwa, lakini zilizohesabiwa ndizo hizo.

Fundi Rangi

Basi huyu hakuwa anatafuta hela. Bamba, kamera, wino, karatasi, miaka miwili ya kukaa roho juu, kwa dola mia tisa? Mimi namfahamu mtu wa aina hiyo. Ni fundi aliyetaka kujua kama anaweza.

Mtoto wa Kariakoo

Au alikuwa mwoga wa kutumia nyingi. Unatoa moja, unanunua peremende, unachukua chenji halali, unahama mji.

Bwana Chenji

Nyote mna hoja, mimi naelemea kwa Fundi. Mtu wa hela tu asingehangaika kurekebisha namba kila gazeti linapotoka.

Kwame wa Posta

Mleta uzi, huyo Ito ndiye yule aliyepigwa risasi na Mkorea?

Bwana Chenji

Ndiye. Alikuwa mkuu wa kwanza wa utawala wa Japani kule Korea. Tarehe 26 Oktoba 1909, stesheni ya treni ya Harbin, An Jung-geun akampiga risasi. Wakorea wanamhesabu An kuwa shujaa. Sasa fikiria Mkorea aliyekuwa anaishi Osaka, na walikuwa maelfu kwa maelfu, kila akinunua wali analipa kwa sura ya Ito. Hiyo noti ilidumu mpaka Januari 1986, ikachapwa nyingi mpaka namba zikaisha. Mwaka 1976 ikabidi waanze mzunguko mwingine, namba wakazibadilisha kutoka nyeusi kwenda bluu.

1984 akaingia Natsume Soseki, mwandishi. 2004 akaingia Noguchi Hideyo, daktari, na huyu alifia kwetu Afrika: Accra, Mei 1928, akichunguza homa ya manjano, ikamuua yeye. Nani kati yenu alijua kwamba kwa miaka ishirini Wajapani walinunulia chai kwa sura ya mtu aliyefia Ghana?

Kwame wa Posta

Sikujua, na babu yangu ni wa huko huko.

Dada wa Nagoya

Hiyo ya Noguchi bado ninazo kwenye pochi. Tangu Julai 2024 wameleta ya Kitasato, mtafiti wa bakteria, nyuma ina lile wimbi la mchoraji Hokusai. Na ile mpya ya 10000 ni Shibusawa.

Bwana Chenji

Ndiye yuleyule, Dada. Aliyekataliwa 1963 kwa kukosa ndevu, karudi baada ya miaka 61 na kukaa kwenye noti kubwa kuliko zote. Siku hizi usalama uko kwenye picha ya hologramu inayogeuza uso ukiitikisa, kidevu cheupe si tatizo tena. Na kumbe kwenye noti hakuwa mgeni, mwaka 1902 benki yake ilitoa noti kule Korea zenye sura yake.

Mama Bite

Na yule mghushi? Hakuna hata mtu aliyekiri akiwa kitandani anakata roho?

Bwana Chenji

Muda wa kumshtaki uliisha Novemba 1973. Kuanzia siku ile angeweza kuingia kituo cha polisi, akasema ni mimi, akarudi nyumbani kula. Hakwenda.

Fundi Rangi

Mimi ningekwenda. Kazi nzuri vile bila jina lako inauma.

Kiroboto wa Tandale

Mkuu hiyo noti yako una uhakika si moja ya zile 343?

Bwana Chenji

Usiniambie hivyo usiku huu. Ngoja niwashe taa nyingine.